Mashine Yahitaji Mkono: Kumsomesha Mtoto Tiba ya Upumuaji

Mtu mzima mwenye afya huvuta pumzi baina ya mara 12 na 20 kwa dakika, akiwa macho au usingizini, wala haoni haja ya kuzihesabu. Nyumba huanza kuhesabu siku mtoto anaposhikwa na pumu usiku wa manane, au babu anapopanda ngazi mbili tu akashindwa kusema. Hapo twakimbilia hospitali, na swali letu la kwanza aghalabu huwa ni moja: je, mashine ipo? Twauliza habari za mtungi wa oksijeni na mashine ya kupumulia. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani atakayeiendesha mashine hiyo, na alisomea wapi.

Swali hilo la pili ndilo tutakalo kulizungumza wiki hii, wasomaji wetu watukufu, kwa kuwa jibu lake huanzia majumbani mwetu, pale baba na mama wanapoketi kujadili mtoto wao asome nini.

Elimu ya mapafu si ngeni kwa umma wetu. Katika karne ya 13, mjini Kairo, tabibu Ibn al-Nafis alieleza kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni na kuchanganyika na hewa, kisha ikarudi upande wa kushoto. Aliyaandika hayo takriban miaka 300 kabla ya wanazuoni wa Ulaya kuyachapisha.

Ama kazi ya kumsaidia mgonjwa kupumua, kama ijulikanavyo leo, ilipata sura yake mjini Copenhagen mwaka 1952. Ugonjwa wa polio ulikuwa umelemaza misuli ya pumzi ya watu wengi, na hospitali haikuwa na mashine za kutosha. Daktari Bjørn Ibsen akaonyesha kuwa mgonjwa aweza kutiwa hewa kwa mpira uliounganishwa na mrija shingoni, ukifinywa kwa mkono. Wanafunzi wa tiba wapatao 1,500 wakaitwa, wakakaa vitandani kwa zamu, usiku na mchana, wakiifinya mipira hiyo. Kabla ya hapo, zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100 waliozidiwa walikuwa wakifa. Baada ya hapo idadi ilishuka hadi karibu 40. Wengi waliishi kwa sababu walikuwapo watu waliofundishwa.

Leo mashine zimeingia hospitalini, lakini haja ya mkono uliofundishwa haikuondoka. Tutoe mfano wa mtoto njiti. Mapafu yake hayajakomaa, na vifuko vyake vya hewa hujikunja kila anapotoa pumzi. Kuna chombo chepesi cha kumsaidia: hewa yenye oksijeni hupitishwa puani kwa mrija, na ncha ya pili ya mrija ikazamishwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha ncha ile majini, tuseme sentimita 5, ndicho kinachopima nguvu ya kuviweka vifuko wazi. Mapovu yakikoma, muuguzi aliyesoma hutambua mara moja kuwa hewa yavuja mahali, au mrija umechomoka puani. Tena hujua kuwa oksijeni ni dawa yenye kipimo, kwani ikimzidi mtoto njiti yaweza kumharibu macho. Asiyefundishwa huona chupa yenye mapovu, akapita.

Katika nchi nyingine tiba ya upumuaji ni taaluma inayojitegemea. Nchini Marekani, kwa mfano, anayeitaka husoma chuoni si chini ya miaka miwili, hufanya mazoezi hospitalini, kisha hukalia mtihani wa kitaifa kabla ya kupewa leseni. Hapa kwetu Kenya kazi hiyo aghalabu hugawanywa baina ya watu wa fani kadhaa. Kwa hivyo mzazi asitafute mlango mmoja. Milango ni mingi, nasi twaitaja minne.

Wa kwanza ni uuguzi. Stashahada katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, huchukua miaka mitatu. Baada ya kusajiliwa na kupata uzoefu, muuguzi aweza kuongeza mwaka mmoja wa stashahada ya juu katika kuwahudumia wagonjwa mahututi. Huyu ndiye anayesimama kando ya mashine ya kupumulia zamu nzima. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoko Kilifi, nacho hufundisha uuguzi kwa kiwango cha shahada.

Wa pili ni wa maafisa wa kliniki, ambao baada ya stashahada na mwaka wa mazoezi huweza kubobea katika usingizi wa upasuaji au magonjwa ya mapafu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zinazolemewa mno na kifua kikuu, basi watu hawa hawatakosa wa kuwahudumia. Wa tatu ni wa wataalamu wa viungo, wanaomfundisha mgonjwa kukohoa, kutoa makohozi na kurudisha nguvu za kifua. Wa nne ni uhandisi wa vifaa vya tiba, kwa kijana apendaye kufungua na kutengeneza, kwani mashine iliyoharibika haimfai mgonjwa yeyote.

KMTC ina matawi hapa Pwani, yakiwamo ya Mombasa, Port Reitz, Msambweni, Kilifi na Lamu, ingawa si kila tawi lina kila kozi. Kwa aliyemaliza kidato cha nne, stashahada hizi kwa kawaida hudai wastani wa C, pamoja na alama nzuri katika biolojia, lugha, na kemia, fizikia au hisabati. Kwa walio katika mtaala wa umilisi, uamuzi huja mapema zaidi, kwa sababu mkondo wa sayansi huchaguliwa kabla ya kuingia Gredi ya 10. Ada nayo isiwe pazia la kufunga mlango. Zipo basari za kaunti na za maeneo bunge, na mafungu yanayosaidia karamu zetu za harusi yaweza pia kumlipia mtoto muhula.

Imebaki kauli moja tunayoisikia mara nyingi: binti yetu hatakesha kazini. Twawaheshimu wazazi kwa kuwachungia binti zao. Lakini nyumba hiyo hiyo, mama akilazwa na kufunuliwa kifua, huomba ahudumiwe na mwanamke. Mwanamke huyo atatoka wapi, ikiwa kila nyumba yamzuia wa kwake? Bibi Rufayda al-Aslamiyya aliwatibu majeruhi hemani, katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, na haikuwa aibu kwake. Usafiri wa usiku, makazi ya karibu na malezi ya watoto ni mambo ambayo familia yaweza kukaa ikayapanga.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo, mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 8 au ya 9 na afungue ripoti yake ya shule, atazame alama za sayansi, kisha amuulize mwenyewe moyo wake wapendelea nini. Akisikia jibu la hospitali, amtafute muuguzi wa mtaani, amwombe aje na kumweleza kijana kazi yake ilivyo, raha zake na taabu zake. Miaka ya masomo ni mingi, na mgonjwa atakayemhitaji mtoto huyo huenda tayari yumo katika mtaa wetu.