Mnara Uko Wapi? Antena ya Televisheni Kati ya Manono na Kalemie

Mtu ambaye televisheni yake haionyeshi vizuri hupewa dawa moja sokoni: nunua antena kubwa zaidi, ile yenye vijiti vingi na kisanduku cha kuongeza nguvu. Fundi hupanda juu ya bati, huizungusha huku na huku, mtoto akimpigia kelele kutoka ndani kwamba imekuja, imepotea, imekuja tena. Pesa inaishia hapo. Swali lililopaswa kutangulia halikuulizwa: mnara unaorusha hayo mawimbi uko wapi, na una urefu gani?

Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Baada ya umbali fulani ardhi yenyewe hujiinua kati yako na mnara. Ipo hesabu ndogo ambayo kila fundi angefaa kuijua kwa kichwa. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Jibu ni idadi ya kilomita ambazo antena hiyo “inaona” penye ardhi tambarare. Fanya hivyo kwa mnara, fanya hivyo kwa antena yako, kisha jumlisha. Mnara wa mita 100 unaona kilomita 41. Antena iliyo mita 10 juu ya ardhi inaona kilomita 13. Jumla ni 54, na zaidi ya hapo unategemea bahati.

Sasa tazama ramani ya mkoa wa Tanganyika, Kongo. Kutoka Manono hadi Kalemie, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 250. Ili antena ya Manono ione mnara wa mita 100 ulioko Kalemie, mlingoti wako ungehitaji kuzidi mita 2,500. Anayeelekeza vijiti vyake Kalemie kutoka Manono amenunua mapambo ya paa. Kinachoshikwa Manono kwa antena ya kawaida ni kile kinachorushwa Manono kwenyewe au jirani kabisa. Picha ya RTNC, televisheni ya taifa ya Kongo, nayo haitoki Kinshasa kwa kuruka mnara hadi mnara kwa zaidi ya kilomita 1,300. Hupitia setilaiti, na kituo kidogo cha mjini huipokea na kuirusha upya. Mtambo huo mdogo ukikosa mafuta ya jenereta, hakuna antena nyumbani kwako itakayouponya. Kwa hiyo kabla ya kupanda paani, muulize jirani: yake inaonyesha? Kama mtaa mzima umezimika, shuka ngazi. Na kama eneo lako liko mbali na kila mnara, fedha ya antena iweke kwenye parabole, yaani dishi la setilaiti, bila kusikitika.

Kalemie ni habari nyingine, kwa sababu ya Ziwa Tanganyika. Kigoma, Tanzania, iko ng’ambo upande wa kaskazini, kilomita zipatazo 125, na sehemu kubwa ya njia ni maji: kizuizi kikuu ni mviringo wa dunia. Tuseme antena ya kurushia iko mita 300 juu ya usawa wa ziwa. Inaona kilomita 71. Nyumba iliyo kilimani, mita 150 juu ya maji, inaona 50. Jumla 121, karibu kabisa kugusana. Nyumba ya ufukweni yenye mlingoti wa mita 10 inaishia kwenye 84. Ndiyo maana watu wawili wa mji mmoja, wenye antena ya aina moja, mmoja anaweza kupata picha na mwingine asione kitu, na fundi hana kosa.

Maji yana mchezo mwingine. Usiku na alfajiri, hewa yenye joto ikikaa juu ya hewa baridi iliyogusa ziwa, mawimbi hupinda na kuufuata mgongo wa dunia badala ya kukimbilia angani. Kituo cha mbali kinajitokeza saa kumi na moja alfajiri, safi kabisa, na jua likipanda kinatoweka. Wengi huanza kuvuruga antena asubuhi hiyo. Usiiguse. Haikuharibika, hewa ndiyo iliyobadilika.

Halafu kuna suala la dijitali. Nchi za Afrika zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuhama kutoka analojia, na tarehe kuu ilikuwa 17 Juni 2015. Tanzania ilianza mapema kuliko wengi: Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata. Televisheni ya zamani isiyo na alama ya T2, hata ukiiunganisha na antena ya dhahabu, haitasoma mawimbi ya dijitali ya DVB-T2 bila dekoda. Na dijitali haina uvumilivu. Analojia ilipodhoofika ilileta chenga, na mtu aliweza kuendelea kutazama mpira kwenye chenga hizo. Dijitali inaonyesha kikamilifu, kisha inakatika vipande vipande, kisha kimya. Dekoda nyingi zina mistari miwili kwenye menyu, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Utazame wa ubora. Nguvu ikiwa asilimia 90 na ubora 20, unapokea kelele nyingi.

Baada ya kujua mnara uko wapi, kimo ndicho dawa ya kwanza, na ni ya bei nafuu kuliko zote. Kupandisha antena kutoka mita 5 hadi mita 20 kunaongeza mara mbili umbali inaouona, kutoka kilomita 9 hadi 18. Kimo pia kinakutoa nyuma ya mwembe wa jirani: majani, hasa yakilowa mvua, hunywa mawimbi ya UHF. Ukiwa Manono, angalia pia yale malundo ya mchanga yaliyoachwa na machimbo ya bati. Nyumba iliyo nyuma ya lundo iko kivulini, na wakati mwingine kusogeza mlingoti hatua chache pembeni kunasaidia kuliko kuurefusha. Mlingoti wa mti ni mzuri lakini mchwa wanauona kwanza. Uweke juu ya kipande cha bomba la chuma kilichopigwa ardhini, usiuzike wenyewe, na uufunge kwa waya pande tatu.

Antena ile ya vijiti ni kazi ya Wajapani wawili, Yagi na Uda, ya mwaka 1926, na mpaka leo haijapata mshindani kwa bei yake. Vijiti vyake unaweza kuvisoma. Kirefu zaidi kiko nyuma, kinachofungwa kebo kiko mbele yake, na vifupi vinatangulia kuelekea mnara. Urefu wa kijiti chenye kebo ni karibu nusu ya urefu wa wimbi: kwa megahezi 200, yaani VHF, ni sentimita 75 hivi, kwa megahezi 600, yaani UHF, ni 25. Antena yenye vijiti vya sentimita 25 haitashika vizuri kituo cha VHF hata ukiipandisha mbinguni, na sokoni wanauza hizo hizo fupi kwa kila mtu. Chukua futi kabla ya kutoa pesa. Angalia pia vijiti vya majirani wanaoshika vizuri: vikiwa vimelala, vyako vilale, vikiwa vimesimama, visimamishe.

Kebo ndiyo inayosahaulika. Ile nzuri ya RG-6 hupoteza takriban desibeli 6 kwa mita 30 kwenye UHF, maana yake robo tu ya nguvu iliyoingia juu inafika chini. Ile nyembamba yenye waya mwekundu wa shaba uliopauka hupoteza zaidi. Ukigawanya kebo kwa televisheni mbili, unakata nusu nyingine. Maji yakiingia kwenye kiungio, shaba inageuka kijani na picha inaondoka kidogo kidogo hadi unadhani kituo kimepunguza nguvu. Funga kiungio kwa mpira, na iache kebo ining’inie kidogo kabla haijaingia dirishani ili maji yadondoke nje.

Kisanduku cha kuongeza nguvu kina mahali pake, lakini hakitengenezi kisichokuwepo. Kinakuza mawimbi pamoja na kelele zilizoingia nayo, kama mtu anayepandisha sauti ya redio yenye mkwaruzo. Mahali pake ni juu, karibu na antena, kabla kebo haijala chochote. Kuweka kikuzaji nyuma ya televisheni ni kuanza tiba baada ya mgonjwa kudhoofika. Na karibu na mnara kikuzaji huzidisha na kuharibu picha iliyokuwa nzuri.

Nimeacha sumu kubwa kwa Manono karibu na mwisho, kwa sababu vitabu vya ng’ambo haviigusi sana. Bwawa la Mpiana-Mwanga kwenye mto Luvua, lililojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mgodi wa bati, liliacha kupeleka umeme nyumbani kama zamani. Nyumba nyingi zinaishi kwa paneli za sola, betri na inveta. Inveta ya bei rahisi hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato unarusha kelele za redio, hasa kwenye VHF. Taa za LED na chaja za simu zinafanya vivyo hivyo. Jaribio ni hili: jioni, tazama mstari wa ubora kwenye dekoda, kisha zima taa moja moja, chaja moja moja, mwisho zima inveta na uwashe televisheni na dekoda moja kwa moja kwenye betri kama ni za volti 12. Ubora ukiruka juu ghafla, umempata mwizi. Msogeze mbali na kebo ya antena, nyaya za paneli zisokotane mbili mbili, na kebo isipite sambamba nazo ukutani.

Kuhusu radi: Kongo ya mashariki ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, na utafiti wa mwaka 2016 uliitaja Kabare kuwa ya kwanza Afrika. Mlingoti wa chuma uliopanda juu ya mtaa lazima ufungwe kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye nondo ya mita mbili ardhini, kwa njia fupi isiyo na mikunjo, nje ya ukuta. Waya huo hupunguza hatari, hauiondoi. Wingu jeusi likionekana, chomoa plagi na kebo ya antena kwenye televisheni, na kichwa cha kebo ukitupe nje ya dirisha, mbali na kitanda.