Jembe la Mgeni ni Darasa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: ndivyo walivyotuusia wahenga. Nchini Ujerumani, ambako baadhi ya mabinti wa pwani yetu wameolewa au wamewafuata waume zao, jembe analokabidhiwa mgeni ni daftari na kalamu. Tangu tarehe 1 Januari 2005, sheria ya nchi hiyo imeweka masomo maalumu kwa wageni, na asiyeimudu lugha ya Kijerumani huweza kuamrishwa na idara ya wageni ayahudhurie. Anayeyakacha bila udhuru huweza kuadhibiwa, na utoro wake hutazamwa siku anapoomba kuongezewa kibali cha kuishi.

Safari yenyewe huanzia huku nyumbani. Tangu 2007, mke anayemfuata mumewe Ujerumani kwa kawaida hutakiwa athibitishe kwamba anajua Kijerumani cha mwanzo, ngazi iitwayo A1, kabla hajapewa viza. Mtihani huo hufanywa katika Taasisi ya Goethe jijini Nairobi.

Akishafika, masomo ya kawaida huwa ni vipindi 700, kila kipindi dakika 45. Vipindi 600 ni vya lugha: kumweleza daktari maumivu, kusoma barua ya mwenye nyumba, kuzungumza na mwalimu wa mtoto. Lengo ni kufikia ngazi ya B1. Vipindi 100 vilivyosalia ni vya sheria, historia na maisha ya nchi. Hapo mwanafunzi husoma habari za utawala wa Hitler, kuanguka kwa ukuta wa Berlin mwaka 1989, na kuungana tena kwa nchi mwaka 1990. Mwishoni hupewa maswali 33 ya kujibu kwa dakika 60, na akipata 15 amefaulu. Maswali yote yanayoweza kuulizwa huwa yamechapishwa wazi mapema, hivyo mwenye bidii hana la kuogopa.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba darasa kama hilo litamvua binti yao dini yake. Hofu hiyo inaeleweka, lakini na tuitazame kwa insafu. Katiba ya Ujerumani ya 1949, ambayo ndiyo inayosomeshwa darasani humo, inalinda uhuru wa dini katika kifungu chake cha nne. Binti anayeijua haki hiyo huweza kuitetea sala yake kwa adabu na kwa hoja. Taabu iliyopo ni ya ratiba: mwezi wa Desemba, katika sehemu nyingi, jua huchwa kabla ya saa kumi na nusu, na adhuhuri hukaribiana mno na alasiri. Ni vyema azungumze na mwalimu mapema kuhusu nyakati za mapumziko.

Yapo pia mambo ambayo familia hupaswa kuyajua kabla hayajawakuta. Tangu mwaka 2000, sheria ya huko inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa. Mzazi aliyezoea bakora hana budi ajifunze njia nyingine ya kuadibu.

Hatari kubwa zaidi imo katika kutosoma. Wapo waume wanaosema, kwa mapenzi au kwa kutaka kutawala, "Wewe kaa, mimi nitakufanyia kila kitu." Maneno hayo ni matamu, lakini kibali cha mke huyo hufungamana na ndoa yake. Ndoa ikivunjika kabla wanandoa hawajaishi pamoja huko kwa miaka mitatu, mke huweza kupoteza haki ya kubaki, isipokuwa pakiwa na dhiki kubwa kama vile kuteswa. Asiyejua lugha atalijulia wapi jambo hili, na atamweleza nani? Naye mumewe akifikwa na maradhi au mauti, ni nani atakayemsomea barua za serikali?

Kwa hiyo, enyi wazazi, posa ya kutoka ng'ambo inapoletwa, tusiishie kuuliza mahari na tarehe ya harusi. Tuulize pia: je, binti yetu ataruhusiwa kuhudhuria masomo mpaka ayamalize? Watoto wakijaaliwa, nani atawatazama wakati yeye yupo darasani? Ada italipwa na nani? Dini yetu imeifanya elimu kuwa faradhi, na mke ana haki ya kuweka masharti halali katika ndoa yake. Sharti la kusoma ni miongoni mwa hayo. Liwekwe mapema, mbele ya walii na mashahidi, ili binti anapopanda ndege awe na ahadi iliyotamkwa, wala si matumaini matupu.