Zijue Nyufa za Ardhi Kabla Hujajenga

Leo tuache kidogo habari za mbolea na mbegu, tuzungumze juu ya ardhi yenyewe unayoilima.

Wenzetu wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, wanaijua ngazi ndefu inayokata nchi ya Ufipa. Upande mmoja uko juu, wa pili umeshuka. Huo ni ufa wa Kanda, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 100. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa la kipimo cha 7.4 liliitikisa Rukwa.

Ufa kama huo huitwa ufa hai. Si kwamba ardhi inatembea kila siku, hapana. Miamba ya pande mbili hujikaza miaka mingi, kama upinde unaovutwa. Siku ikishindwa kuvumilia, huteleza ghafla, kisha huanza kujikaza upya. Kwa hiyo palipopasuka zamani huweza kupasuka tena. Ndiyo maana nyufa huchorwa kwenye ramani.

Utaniuliza, "Bwana Shamba, wataalamu wanajuaje?" Huanza na picha zilizopigwa kutoka angani. Hutafuta ngazi zilizonyooka, chemchemi zilizojipanga mstari, na vijito vilivyopinda ghafla. Halafu huja wenyewe kwa miguu. Pengine huchimba handaki kukatisha ufa, wakaona matabaka ya udongo yalivyokatika. Mkaa wa kale uliomo humo huwasaidia kukadiria ni lini. Kila ufa huandikwa kwenye orodha: jina, urefu, mwelekeo, na upande ulioshuka. Mwaka 2020 ilichapishwa orodha ya dunia nzima yenye nyufa zipatazo 13,500, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia.

Lakini angalia sana! Ramani kukosa mstari kijijini kwako haina maana kwamba uko salama. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya kumi walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Ufa wenyewe ulikuwa umejificha chini kabisa.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, tofautisha ufa na korongo la mmomonyoko. Korongo hufuata maji yanakoteremkia. Ufa hai hunyooka, ukapita mlima na bonde bila kujali maji.

Pili, usijenge nyumba, ghala wala tangi la maji juu ya mstari wa ufa, wala chini ya mawe yaliyolegea. Hapo panda mahindi. Shamba likipasuka utalifukia ukalima tena. Nyumba ikiangukia watoto, hakuna msimu wa pili.

Tatu, popote ulipo, imarisha nyumba: msingi imara, kona zilizofungamana vizuri, na mkanda wa zege au mbao juu ya kuta zote. Usipandishe paa zito juu ya kuta dhaifu.

Nne, ukiona ngazi mpya ardhini, au wazee wakikumbuka ardhi ilipopasuka, mwarifu mwenyekiti wa kijiji, ili habari ziwafikie wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma.

Wataalamu huchora ramani, lakini anayeikanyaga ardhi hiyo kila siku ni wewe. Haya ndugu, kazi njema, tukutane juma lijalo.