Usipojiandikia utaandikwa: Jinsi ya kuipa blogu yako chapa inayokumbukwa

UKIPANDA matatu ya kwenda Kisauni na ukavuka Daraja la Nyali, utamsikia makanga akiita "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria wanajua ni wapi. Kwenye ramani mahali hapo panaitwa Frere Town, jina la Sir Bartle Frere wa Uingereza. Wamishonari wa Church Missionary Society walianzisha makao hapo mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliokombolewa kutoka utumwani. Lakini jina lililokaa midomoni ni la kengele iliyokuwa ikilia kuwaita wakazi na kuwatahadharisha wawinda watumwa wanapokaribia. Mnara wa kengele ungali pale kando ya barabara.

Jina la Kengeleni halikuhitaji bango. Watu walilishika kwa sababu kengele ilikuwa na kazi, ililia ilipohitajika, na sauti yake haikufanana na nyingine. Kama unaandika blogu, au unapanga kuanza, funzo lako la kwanza kuhusu chapa liko hapo hapo stejini.

Kwa vijana wa upande huu wa Mombasa, jambo hili lina uzito zaidi ya umaarufu. Andika "Kisauni" kwenye simu yako utazame kinachokuja: magenge ya vijana, mapanga, misako ya polisi. Mambo hayo yapo, na wanaoumia ni majirani zetu wenyewe. Lakini mtaa ni huo huo wa mafundi, wapishi, wachezaji wa mpira, wanafunzi na akina mama wanaoamka alfajiri kwenda soko la Kongowea. Simulizi zao huzioni kwa sababu hakuna anayeziandika. Kijana akienda kuomba kazi mjini na kutaja anakotoka, hadithi iliyoandikwa na wengine inakuwa imemtangulia mlangoni. Usipojiandikia, utaandikwa.

Chapa ni nini hasa?

Wengi wakisikia neno chapa wanafikiria nembo, rangi na picha nzuri ya juu ya ukurasa. Hivyo vinasaidia, ila ni nguo tu. Chapa yenyewe ni kile msomaji anachotarajia kabla hajafungua.

Mfano mzuri tunao mjini. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana zaidi kama Abdulla, aliweka alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla" kwenye kanga zake. Wengi humtaja pia kuwa ndiye aliyeanza kuandika misemo ya Kiswahili kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Ile alama ilikuwa ahadi. Mnunuzi akiiona, alijua ni kitambaa cha aina gani anapeleka nyumbani. Siku kitambaa kingeanza kuchuja, maandishi yale yasingemsaidia Abdulla.

Blogu yako nayo inahitaji ahadi ya namna hiyo. Jaribu kuiandika kwa sentensi moja: "Hapa utapata vyakula vya mitaani vya Kisauni na Nyali, bei zake na mahali vinapouzwa." Au: "Hapa tunaeleza masuala ya kodi na mkataba wa nyumba kwa mpangaji anayeanza maisha." Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo bila kuongeza "na pia, na pia, na pia", bado hujaamua.

Chagua mkondo mmoja

Kosa la kawaida ni kutaka kuandika kila kitu: leo mapenzi, kesho siasa, keshokutwa Arsenal. Msomaji aliyekuja kwa ajili ya viazi karai hana haja na uchambuzi wako wa Ligi Kuu, na wa Ligi Kuu ana mahali pake pa kwenda. Anza na kidogo unachokijua kuliko wengi. Kijana wa Frere Town anajua njia za tuktuk, anajua mitumba ya Kongowea inafunguliwa siku gani, anajua wazee wenye kumbukumbu za ukoo uliofika hapa kwa meli. Mtu aliye Nairobi au Doha hawezi kuyaandika hayo kwa undani wako.

Sauti na lugha

Tazama Tanzania. Mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, wakati Kiswahili mtandaoni kilikuwa kidogo mno. Aliiita kwa jina lake, akaipa utambulisho wa "Globu ya Jamii", na akajaza picha za watu: harusi, misiba, mikutano, Watanzania walio ughaibuni. Hata neno "globu" lilikuwa la kwake. Ukilisikia unajua nani anaongea. Hakujaribu kufanana na magazeti ya Ulaya.

Huku kwetu, Jackson Biko, au Bikozulu, amejenga jina kwa njia nyingine. Anaandika kwa Kiingereza, hadithi ndefu za maisha ya watu, na wasomaji wake wamezoea kumsubiri Jumanne. Siku hiyo imekuwa sehemu ya chapa yake.

Ukiwaweka wawili hao pamoja utaona hawafanani kwa lugha wala mtindo. Wanachoshirikiana ni kwamba kila mmoja ana sauti inayotambulika hata ukifunika jina. Basi andika unavyozungumza ukiwa umetulia. Kama Kiswahili chako ni cha Mombasa, kiache kiwe cha Mombasa. Usijilazimishe sheng ya Nairobi kwa kuogopa kuitwa mshamba.

Ratiba nayo, usijiahidi makubwa. Makala moja kila Alhamisi kwa mwaka mzima ni bora kuliko makala 10 wiki ya kwanza halafu kimya hadi Krismasi.

Kuwa na nyumba yako

Wengi siku hizi wanaona TikTok na Instagram zinatosha. Ni sehemu nzuri za kuwaita watu, lakini wewe ni mpangaji pale. Akaunti ikifungwa au mfumo ukibadilishwa, kazi yako ya miaka inaweza kupotea. Blogu yenye anwani yako mwenyewe ni kiwanja chako. Anwani za Kenya zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na mbali na .co.ke ya biashara, ipo .me.ke iliyotengwa kwa watu binafsi. Chagua jina fupi, linalotamkika, ambalo mtu anaweza kuliandika akilisikia mara moja tu redioni. Kabla ya kulichukua, litafute kwanza kwenye mitandao yote uone kama lina mwenyewe. Kisha tumia jina hilo hilo na picha hiyo hiyo kila mahali.

Imani ndiyo mtaji

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipopamba moto, wakili Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye blogu yake, Kenyan Pundit. Wasomaji walimtumia habari za yaliyokuwa yakitokea. Zilipomzidi, alipendekeza pawe na ramani ya kukusanya ripoti hizo, na wataalamu wa kompyuta waliosoma wito wake wakajitokeza. Ndivyo Ushahidi ilivyozaliwa, na baadaye ikatumika katika nchi nyingi duniani. Wito ule uliitikiwa kwa sababu aliyeutoa alikuwa tayari anaaminika.

Imani hiyo hujengwa kwa mambo madogo. Ukipata fununu ya mauaji au ujambazi mtaani, usikimbilie kuchapisha jina la mtu. Unaweza kumponza asiye na hatia. Usichukue picha ya mwenzio bila ruhusa. Ukimpiga mtu picha, hasa mtoto, fahamu kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Na hoteli ikikulipa uisifu, waambie wasomaji umelipwa. Wakigundua wenyewe, hata sifa zako za kweli hawataziamini tena.

Na pesa je?

Zipo, ila huchelewa. Matangazo ya mtandaoni hulipa kidogo kama wasomaji ni wachache. Wengi hupata zaidi kupitia kazi zinazokuja kwa sababu ya blogu: kuandikia kampuni, kupiga picha, kuendesha kurasa za biashara ndogo. Kwa hiyo blogu inaweza kuwa wasifu wako wa kazi, ushahidi kwamba unajua unachosema unakijua. Pesa zikianza kuingia, kumbuka KRA: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa asilimia 5 unaokatwa kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali.

Ukitaka kuanza wiki hii, fanya mambo matatu. Andika ile sentensi moja ya ahadi. Isomee watu watano wasiokuogopa, uwaulize wangetarajia kusoma nini. Kisha andika makala tatu kamili kabla hujafungua ukurasa wala kutengeneza nembo. Ya tatu ikikushinda, badilisha mkondo mapema, hakuna aibu. Ikikutoka kwa raha na bado una ya nne kichwani, kalipie anwani yako.