Je, Wajua? Kampuni Iliyokua kwa Wahusika wa Kuazima

Je, wajua kwamba kampuni iliyochapisha vitabu vya katuni vya Star Wars kwa zaidi ya miaka 20 ilianzishwa na mwenye duka? Mike Richardson alifungua duka lake la kwanza la vitabu vya katuni mwaka 1980 huko Bend, mji ulio katika jimbo la Oregon, Marekani. Biashara ikashika, duka likazaa maduka. Mwaka 1986 akachukua faida ya maduka hayo na, akishirikiana na Randy Stradley, akaanzisha Dark Horse Comics katika mji wa Milwaukie, pembezoni mwa Portland.

Wakati huo kampuni za Marvel na DC ndizo zilizotamba sokoni, na desturi ya kazi ilikuwa ngumu kwa wasanii. Ukibuni mhusika akapendwa na dunia nzima, mali ni ya kampuni. Wewe umeshalipwa ujira wako wa kurasa, basi. Richardson alikuja na ahadi nyingine: atakayebuni mhusika atabaki kuwa mmiliki wake. Ahadi hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata hapa, hata pale ambapo habari inaonekana kuwa ya majini na roboti wa Hollywood tu.

Toleo la kwanza la Dark Horse Presents lilitoka katikati ya 1986, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake alikuwamo Concrete, mhusika wa Paul Chadwick: mwandishi wa hotuba za wanasiasa ambaye viumbe wa anga wanautoa ubongo wake na kuutia katika mwili wa jiwe. Badala ya kupiga watu ngumi, Concrete anatumia mwili ule kusafiri, kuogelea baharini na kupanda milima, huku akiumia moyoni kwa yale ambayo mwili wa jiwe hauwezi kumpa. Kampuni ilitarajia kuuza nakala 10,000 hivi. Ziliuzwa takriban 50,000.

Iliwezekanaje kwa kampuni changa? Jibu liko katika utaratibu wa biashara. Tangu miaka ya 1970, maduka ya Marekani yanayouza vitabu vya katuni pekee yalikubali kuagiza mapema na kutorudisha nakala zilizododa. Duka linabeba hasara ya kisichouzwa, lakini linapata punguzo la bei. Mchapishaji naye anajua oda zimefika ngapi kabla mashine hazijaanza kuzunguka. Bila utaratibu huo, mtu mwenye mtaji wa maduka machache asingethubutu kuingia katika uchapishaji. Na Richardson, aliyekuwa mteja wa utaratibu huo kabla ya kuwa mchapishaji, aliujua nje na ndani.

Je, wajua kwamba kati ya wahusika wa kuazima, yaani walio mali ya wengine, Godzilla alitangulia kufika? Mwaka 1987 Dark Horse ilitoa toleo maalumu la yule mnyama wa sinema za Japani. Lakini mlango hasa ulifunguliwa mwaka uliofuata, na hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Zamani, filamu ikivuma, kampuni ya katuni ililipia leseni, ikachora upya yaleyale ambayo watu walishayaona sinemani, ikayauza wiki chache, ikasahau. Dark Horse iliuliza swali tofauti: baada ya taa za ukumbi kuwashwa, nini kiliwapata wale waliosalia? Mwaka 1988 mwandishi Mark Verheiden na mchoraji Mark A. Nelson walianza mfululizo wa Aliens wenye matoleo sita, mwendelezo wa filamu ya James Cameron ya mwaka 1986. Yule mtoto Newt aliyeokolewa katika filamu hiyo sasa ni mtu mzima. Yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, anapiga mayowe usiku, na hakuna anayeamini kile anachokiota. Mwanajeshi Hicks ana kovu la tindikali usoni na hakuna anayetaka kukaa naye meza moja. Anapopewa safari ya kwenda kwenye sayari ya yale majini ya filamu, anamtorosha Newt na kwenda naye. Newt anampenda askari mmoja melini, kisha anagundua kwamba kijana yule ni roboti. Nao wanapoelekea mbali, dunia waliyoiacha nyuma inavamiwa.

Filamu ilikuwa imemaliza kwa usingizi na matumaini. Kitabu kikauliza gharama ya kunusurika. Rangi nyeusi na nyeupe ya Nelson, yenye vivuli vizito na mistari iliyokunwa, iliifaa hadithi ya namna hiyo. Mfululizo ule uliuzwa sana hata ukachapishwa tena na tena.

Kisha likatokea jambo ambalo kila anayefanya kazi na wahusika wa kuazima hulihofia. Mwaka 1992 ilitoka filamu ya Alien 3, na dakika za mwanzo tu Hicks na Newt wakafa. Mwenye mali ameamua. Hadithi ya Dark Horse, iliyowafanya wawili hao kuwa mashujaa kwa miaka, ikabaki haina pa kusimama. Katika machapisho yaliyofuata majina yakabadilishwa: Hicks akawa Wilks, Newt akawa Billie. Michoro ileile, maumivu yaleyale, watu wengine. Ilichukua hadi 2016, katika toleo la kuadhimisha miaka 30 ya filamu ya Cameron, ndipo majina ya asili yaliporudishwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sijaona mahali methali hiyo inapotimia kama hapa.

Je, wajua kwamba jini la Alien na yule mwindaji wa Predator walipambana kwanza kwenye karatasi? Ilikuwa katika Dark Horse Presents, kuanzia toleo namba 34, mwishoni mwa 1989. Kampuni ilikuwa na leseni zote mbili mkononi, na filamu zote mbili zilikuwa mali ya studio moja, 20th Century Fox. Mwaka 1990 ukafuata mfululizo kamili ulioandikwa na Stradley mwenyewe, wenye shujaa mwanamke, Machiko Noguchi, msimamizi wa koloni la wafugaji kwenye sayari ya mbali. Mwishoni mwa mapambano, mwindaji aliyejeruhiwa anachukua kidole cha jini, chenye damu ya tindikali, na kumchora Machiko alama kwenye paji la uso. Amemkubali kuwa mwenzake. Filamu ya Alien vs. Predator ilipokuja mwaka 2004, mwindaji alimtia shujaa wa kike alama ya tindikali shavuni. Msomaji wa 1990 aliyekuwa ukumbini bila shaka aliitambua.

Kuhusu Predator peke yake, kuna ujanja mmoja mzuri wa kazi. Filamu ya 1987 ilimtegemea Arnold Schwarzenegger, na kuchora sura ya mwigizaji ni haki nyingine kabisa, tofauti na haki ya hadithi. Katuni ya 1989 ikampa nafasi ya shujaa ndugu wa yule askari wa filamu, mpelelezi wa polisi wa New York, na mwindaji akashuka mjini wakati wa joto kali. Mwaka mmoja baadaye filamu ya Predator 2 nayo ilimshusha mwindaji mjini wakati wa joto kali, ila Los Angeles.

Huenda msomaji ajiulize leseni ni nini hasa. Kwa kifupi, mchapishaji hulipa kitangulizi, kisha mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Kwa malipo hayo hapati umiliki, anapata ruhusa ya muda. Hadithi hupelekwa kwa mwenye mali, michoro hupelekwa, jalada hupelekwa, na lolote linaweza kurudishwa likiwa na alama nyekundu. Mkataba ukiisha, mwenye mali anaweza kumpa mwingine hata kama wewe ndiye uliyemfanya mhusika yule apendwe.

Star Wars ilionyesha pande zote mbili za jambo hilo. Marvel ilikuwa imechapisha katuni zake kuanzia 1977 hadi 1986, kisha ikaacha. Filamu zilikuwa zimenyamaza, na wengi waliona hadithi imekwisha. Desemba 1991 Dark Horse ikatoa Dark Empire, iliyoandikwa na Tom Veitch na kuchorwa na Cam Kennedy: Luke Skywalker anakubali kuwa upande wa giza ili aujue na kuushinda. Mradi ule ulikuwa umeanzia Marvel kabla ya kuhamia Oregon. Kuanzia hapo Dark Horse ilijenga historia nzima, ikarudi nyuma maelfu ya miaka kabla ya filamu na kwenda mbele zaidi ya karne moja baada yake.

Na mara moja mto ulirudi kwenye chemchemi. John Ostrander na Jan Duursema walimbuni Aayla Secura, mpiganaji wa Jedi mwenye ngozi ya buluu. George Lucas akaona mchoro wa Jon Foster uliomwonyesha Aayla, akavutiwa, akamtia katika filamu ya Attack of the Clones ya mwaka 2002. Mhusika aliyezaliwa katika kitabu cha leseni akapata mwigizaji wa damu na nyama. Kwa wasanii wanaofanya kazi ya wahusika wa wengine, sijui heshima inayozidi hiyo.

Jambo dogo la kupendeza: mwaka 1993 Dark Horse ilichapisha kitabu ambacho ndani yake Godzilla anacheza mpira wa kikapu na Charles Barkley, kutokana na tangazo la televisheni la viatu vya Nike.

Na hili je? Timecop, filamu ya 1994 ya Jean-Claude Van Damme ambayo vibanda vya video vya Afrika Mashariki viliionyesha mpaka kanda zikachakaa, ilianzia kwenye katuni ya Dark Horse ya mwaka 1992. The Mask ya Jim Carrey, ya mwaka huohuo wa 1994, nayo ni ya nyumba hiyohiyo, ingawa katuni ya asili ni ya kikatili mno kuliko ile sinema ya kuchekesha. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 23 na kuingiza zaidi ya milioni 350. Richardson alikuwa ameshaanzisha kitengo cha filamu, Dark Horse Entertainment, mwaka 1992. Kampuni iliyokuwa ikilipia ruhusa ya kutumia filamu za Hollywood sasa ilikuwa inaiuzia Hollywood hadithi zake.

Hapo ndipo ile ahadi ya 1986 inapojibu. Wahusika wa kuazima walivuta wateja madukani, na jina la kampuni likazoeleka. Kwa nguvu hiyo wasanii wakubwa walikubali kuleta kazi zao wenyewe. Frank Miller alianza Sin City katika toleo la kuadhimisha miaka mitano ya Dark Horse Presents, 1991. Mike Mignola alileta Hellboy, ambaye mfululizo wake wa kwanza ulitoka 1994, na hadi leo Hellboy ni wake. Hakuna studio inayoweza kuamka asubuhi na kumhamishia kwingine.

Wengine walihamishwa. Disney ilikuwa imeinunua Marvel mwaka 2009, ikainunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4. Januari 2014 ikatangazwa kwamba kuanzia 2015 Star Wars itarudi Marvel. Ilikuwa hesabu nyepesi, mwenye nyumba anaye mpishi wake. Toleo la kwanza la Marvel liliuzwa karibu nakala milioni moja, kwa wasomaji ambao wengi wao walibaki na Star Wars mikononi kwa sababu ya Dark Horse. Conan, mhusika mwingine wa leseni wa Dark Horse, naye akaenda Marvel mwaka 2019. Mwaka huohuo Disney ilikamilisha ununuzi wa Fox, na mwaka 2020 Marvel ikatangaza kwamba Alien na Predator wamekwenda huko pia. Yale majini mawili yaliyokutanishwa kwa mara ya kwanza katika kijarida cha Oregon yakaondoka kwa sahihi za mikataba.

Kwa hali hiyo kampuni ingeweza kuanguka, lakini haikuanguka. Ilikuwa imeshajifunza kupanda mbegu nyingi: Avatar: The Last Airbender iliyoendelezwa kwenye karatasi kuanzia 2012, tafsiri za katuni za Japani kama Lone Wolf and Cub, vitabu vya michezo ya kompyuta. The Umbrella Academy ya Gerard Way na Gabriel Bá, iliyoanza 2007, ikawa tamthilia ya Netflix mwaka 2019. Mwaka 2022 Dark Horse yenyewe iliingia mikononi mwa Embracer Group, kampuni ya Uswidi ya michezo ya kompyuta, na mwaka huohuo baadhi ya vitabu vya Star Wars kwa wasomaji wa rika zote vikarudi kuchapishwa Oregon.

La mwisho linatuhusu Waafrika kwa karibu. Roye Okupe, mzaliwa wa Nigeria, alihangaika kuchapisha mwenyewe hadithi zake za mashujaa wa Kiafrika kupitia YouNeek Studios, kwa michango ya wasomaji mtandaoni. Mwaka 2021 Dark Horse ilitangaza mkataba naye wa vitabu kumi. Kimojawapo ni Iyanu: Child of Wonder, habari ya msichana yatima mwenye uwezo wa ajabu katika ulimwengu uliojengwa juu ya utamaduni wa Wayoruba. Aprili 2025 Iyanu alionekana kwenye televisheni za Marekani kupitia Cartoon Network, katika filamu ya vibonzo ya mfululizo ambayo Okupe mwenyewe ni miongoni mwa waandaaji wake.