Jina la kati la binti: usimsahau nyanya

Wazazi wanapojaliwa binti huko Malindi na Kilifi, wengi huvutiwa na majina ya kigeni. Si jambo jipya. Christine na Josephine ni maumbo ya Kifaransa, nalo Sheila, ambalo Wakenya wengi hulidhania kuwa la Kiingereza, lina asili ya Ireland na chimbuko lake ni Cecilia.

Suala ni mahali pa kuliweka. Miongoni mwa Wagiriama, nafasi ya kati ndiyo ambayo aghalabu hubeba jina la asili, likifuatwa na la baba. Mara nyingi jina hilo ni la nyanya, na lina maana yake: Kadzo ni mzuri, Mbeyu ni mbegu. Binti akiitwa Sheila Kadzo, amepata yote mawili. Akiitwa Sheila Claire, nyanya hayumo tena.

Tahajia nayo ina mitego. Niamh, jina la Ireland, hutamkwa "Niiv". Karani akiliandika jinsi alivyolisikia, cheti cha kuzaliwa huenda kikahitilafiana na stakabadhi za shule na pasipoti.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inamruhusu mzazi kusajili jina lililobadilishwa katika muda wa miaka 2 tangu kuzaliwa kwa mtoto kusajiliwe. Hata hivyo, heri kujihadhari mapema: liandike jina kwa herufi kubwa, ukague fomu kabla ya kutia sahihi, na jina la nyanya liwemo.