Kidole cha Deiwaka

Ufunguo wa pikipiki ya Boxer iliyopanda na kushuka Kamachumu miaka mitatu hauna siri tena. Meno yamelika, swichi imelegea, na bisibisi nyembamba inatosha kuizungusha. Asiye na bisibisi huvuta nyaya zilizo chini ya taa, akaziunga, akapiga kiki. Ndiyo maana pikipiki inayowashwa kwa alama ya kidole inawavutia vijana wa ufundi: kidole hakisahauliki mgahawani, wala hakichongwi cha pili sokoni Bukoba.

Vifaa vyake havitishi. Sensa husoma mistari ya ngozi, hasa pale inapokatika na inapogawanyika panda, kisha huihifadhi kama namba. Kidole kikiwekwa, kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiberiti hulinganisha namba zake na zilizohifadhiwa. Zikiafikiana, huamuru rilei ipitishe umeme wa kuwashia injini. Betri inatoa volti 12 na sensa nyingi hazihitaji zaidi ya 5, kwa hiyo kipunguza umeme hukaa katikati. Kosa rahisi kufanya ni kuiweka rilei ndani ya kasha lilelile la sensa, pale kwenye usukani. Mwizi atahangaika na kidole cha nini? Atavunja kasha, ataunga nyaya mbili, ataondoka. Kasha la juu lisome tu. Uamuzi na rilei vijifiche chini ya tenki.

Halafu kuna Bukoba yenyewe, mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kidole kilicholoa na kujikunja kwa baridi si kile kilichosajiliwa siku ya jua. Ongeza utomvu wa migomba, ongeza mikono iliyochuma buni tangu alfajiri huko Muleba. Waliopanga foleni kusajili laini za simu kwa alama za vidole, kabla ya muda ulioongezwa kwisha tarehe 20 Januari 2020, wanakumbuka wazee na wakulima walioambiwa wafute vidole, wajaribu tena, na tena. Foleni ina kivuli. Dereva mwenye mgonjwa nyuma, saa saba usiku, hana muda wa kujaribu tena. Basi mtambo usajili vidole vitatu au vinne vya kila mtu, na uwe na namba za siri za akiba. Betri ikifa je? Kiki inaweza kuwa nzima, lakini sensa haitaamka.

Hayo yote fundi atayamaliza. Nisichokiona kikimalizwa mezani kwa fundi ni hesabu za kijiweni. Pikipiki moja ya Rwamishenye huwa na bosi anayepokea hesabu, dereva mwenye mkataba, na deiwaka anayeishika dereva akienda msibani. Ufunguo ulizunguka kati yao bila maneno. Sasa nani anasajili kidole cha nani? Bosi akiwa peke yake na uwezo huo, deiwaka hali siku hiyo, na dereva aliyechelewesha hesabu ya siku mbili anaweza kuamka akakuta pikipiki haimjui.

Na ujambazi? Bodaboda huweza kuporwa injini ikiunguruma, kidole kimeshafanya kazi yake. Kuizima ghafla mteremkoni ni kuua. Afadhali iachwe iende, ila ikizimika isiwake tena. Lakini mwaka 2005 nchini Malaysia, majambazi walioiba Mercedes ya kidole walimkata mwenyewe ncha ya kidole ili waiwashe. Ufunguo unaweza kuutupa chini ukakimbia. Namba za siri za akiba, kwa hiyo, si za siku ya mvua tu. Ni kitu cha kuwapa.

Jambo moja dogo nalo liingie kwenye programu mapema. Mkataba ukiisha na pikipiki ikawa ya dereva, bosi humkabidhi kadi na ufunguo, mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi. Pikipiki ya kidole itataka zaidi: bosi aguse sensa mara ya mwisho, afute kidole chake, na dereva ahakikishe kimefutika.